Ukienda Marangu usiishie chipsi kuku za hotelini

Umeuliza ule nini ukiwa huko Kilimanjaro kabla hujapanda mlima. Aisee anza na mtori, ndizi zinachemshwa na nyama ya ng'ombe alafu zinapondwa mpaka inakuwa supu nzito, na ile baridi ya asubuhi Marangu utaomba bakuli la pili. Machalari nayo ni ndizi na nyama ila hazipondwi. Kama huli nyama tafuta kiburu, ndizi na maharage. Kisusio ni supu yenye damu ya mbuzi, uliza kwanza usije ukashtuka mbele za watu 😂 Mbege je? Ni pombe ya ndizi na ulezi, onja tu ila ukishashuka mlima, sio kabla.