Kabla ya kubandika orodha ya wapotevu wa umeme, kagua mita

Katibu wa kamati ya jengo la ghorofa lenye nyumba 24 ameniandikia kwamba bili yao ya umeme ni mara moja na nusu ya bili ya jengo la jirani. Majengo yote mawili yana idadi sawa ya nyumba na ghorofa. Kamati imeshaandika majina ya familia zinazotumia umeme mwingi, na inataka kuyabandika ndani ya lifti. Tafadhali, msibandike. Kwa taarifa mlizonazo sasa hamjui nani mpotevu, wala hamjui kama yupo.

Anzeni kwa kuacha kulinganisha pesa. Ndani ya bili kuna tozo, kodi, na pengine deni la miezi iliyopita. Linganisheni uniti, yaani kilowati-saa. Halafu gawanyeni uniti hizo kwa idadi ya siku zilizopita kati ya usomaji mmoja na mwingine. Bili ya siku 33 na bili ya siku 28 zote huitwa bili za mwezi, lakini ya kwanza ina siku zaidi kwa karibu asilimia 18. Angalieni pia kama usomaji ni wa kweli au wa kukadiria. Kadirio la chini mwezi huu hulipwa mwezi unaofuata, na mchoro wenu wa matumizi utaonyesha mruko ambao haukutokea ndani ya jengo.

Kwa mita za malipo ya kabla, rekodi ya manunuzi haifai kabisa. Mtu anaweza kununua uniti 300 jioni ya siku ya mwisho ya mwezi na asiwe ametumia hata moja. Kinachohitajika ni namba ya jumla ya matumizi tangu mita ifungwe, ambayo ni tofauti na salio. Mita nyingi huionyesha ukibonyeza namba fupi iliyoelezwa kwenye maelekezo yake. Isomeni siku ileile ya mwezi na saa ileile, na mpige picha ya kioo cha mita. Picha humaliza ubishi mwingi.

Sasa jengo kwa jengo. Nyumba 24 na nyumba 24 si kipimo, kwa sababu fleti ya mita za mraba 70 haifanani na ya 95. Kipimo cha kawaida ni uniti kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Jengo la nyumba 24 za mita 70, lenye ngazi na korido za mita za mraba 240, lina mita za mraba 1,920. Likitumia uniti 57,600 kwa mwaka, hiyo ni 30 kwa kila mita ya mraba. Kubalianeni mapema nini kinahesabiwa kama eneo: mkihesabu maegesho kwenye jengo moja na kuyaacha kwenye jingine, hesabu yote imeharibika. Ulizeni pia kama wenzenu wanapika kwa gesi, au wana paneli za sola juu ya paa. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya takriban uniti 13, na mita ya umeme haiioni.

Yote hayo yakikaa sawa na tofauti ikabaki mara moja na nusu, ningekagua mita ya jirani kabla ya kumgusa mpangaji yeyote. Nina sababu. Majengo makubwa hupimwa kwa transfoma ndogo za mkondo, zile ambazo mafundi huziita CT, zinazoipelekea mita kipimo cha umeme unaopita, moja kwenye kila fezi, yaani kila moja ya nyaya tatu zinazoleta umeme. Moja ikikatika waya na fezi tatu zikiwa zimebeba mzigo unaokaribiana, mita husoma theluthi mbili tu ya matumizi. Mkiwa sawa kabisa na jirani mwenye mita ya namna hiyo, ninyi mtaonekana mnatumia mara moja na nusu yake. CT ikifungwa kinyume hali ni mbaya zaidi: fezi mbili zinajumlishwa, ya tatu inatolewa, na mita inabaki kusoma theluthi moja. Mara nyingi haitoi kelele wala taa nyekundu. Inaendelea kuzunguka kama kawaida, kwa hiyo kosa linaweza kudumu miaka.

Kosa jingine la hapohapo ni kizidisho, namba ambayo usomaji huzidishwa nayo ili kupata uniti halisi. CT iliyoandikwa 200/5 ina kizidisho cha 40, kwa hiyo tofauti ya usomaji ya 120 ni uniti 4,800. Kuna mita za kidijiti ambazo zimeshaingiziwa kizidisho hicho. Mkizidisha tena mnapata umeme wa kijiji kizima. Someni kibandiko cha mita, msikisie. Na kufungua ni kazi ya fundi mwenye leseni, au ya kampuni ya umeme kama mita ni yao na ina lakiri, yaani muhuri wa kuzuia kufunguliwa. Waya za CT zikiachwa wazi huku mzigo unapita, hutoa volti za kuua.

Kwenu ninyi, hesabu ya kufanya ni hii: mita kuu lazima ikaribiane na jumla ya mita za nyumba pamoja na mita ya huduma za pamoja, kama taa za ngazi, lifti na pampu. Tuseme mita kuu imepitisha uniti 6,200, nyumba zote 4,350, huduma za pamoja 1,150. Zimepotea 700, zaidi ya asilimia 11. Asilimia mbili au tatu naweza kuzielewa, maana mita zenyewe zina ukomo wa usahihi na nyaya hula kidogo. Asilimia 11 ni waya uliochukuliwa kabla ya mita, au huduma isiyo na mita, au kizidisho kilichosahaulika. Usomaji wote ufanyike ndani ya saa moja. Mkisoma mita kuu Ijumaa na mita za nyumba Jumapili, mtapata upotevu ambao haupo.

Baada ya hapo, nendeni kwenye mita ya huduma za pamoja kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati watu wamelala. Angalieni ile taa inayowaka na kuzima. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani miwako 1,000 kwa uniti moja, na haiko kwenye CT, miwako 20 ndani ya sekunde 45 ni kilowati 1.6. Kanuni: zidisha miwako kwa 3,600, gawanya kwa sekunde, kisha gawanya kwa namba ya kwenye kibandiko. Wati moja inayowaka mfululizo ni uniti 8.76 kwa mwaka, kwa hiyo hiyo kilowati 1.6 ni uniti 14,016, robo ya jengo lile la mfano, na hakuna mpangaji hata mmoja aliyeamka. Zimeni swichi za saketi moja baada ya nyingine mkihesabu upya kila mara, ila msiguse lifti, kengele za moto wala pampu ya moto. Taa 40 za ngazi za wati 18 peke yake ni wati 720. Mara nyingi kitambuzi cha mwendo, kile kinachowasha taa mtu akipita, kimeharibika na mtu akaziunganisha taa moja kwa moja.

Pampu ya maji inastahili mita yake ya umeme na mita ya maji pembeni yake. Kupandisha mita moja ya ujazo ya maji kwa urefu wa mita 30 kunahitaji uniti 0.08 kinadharia, pampu na mota vikiwa na ufanisi wa nusu, ni 0.16. Mkipata 0.4, tatizo liko kwenye pampu au bomba: impela, gurudumu linalosukuma maji, imelika, vali imefunguliwa nusu, au vali ya kuzuia maji kurudi haishiki na maji yanashuka tena kila pampu inapozima. Mkipata 0.16 lakini maji yenyewe ni mengi kuliko mita za nyumba zinavyoonyesha, pampu ni nzima na mnavuja. Bila mita hizo mbili mtabadilisha pampu nzima kwa ajili ya floti ya choo.

Ndipo zamu ya nyumba inapofika, na hapa nawasihi muwe waungwana. Kuchemsha lita 50 za maji kwa nyuzi 40 zaidi ni uniti 2.3, kwa hiyo familia ya watu sita ni lazima itumie kuliko mtu anayeishi peke yake. Wagawanyeni kwa idadi ya watu, na tumieni namba ya katikati, ile inayokaa katikati mkizipanga nyumba kutoka ndogo hadi kubwa kwa matumizi, badala ya wastani, kwani nyumba moja inayooka mikate ya biashara huvuta wastani wa jengo zima. Kila mtu apewe namba yake na namba ya katikati tu, ndani ya bahasha au kwa ujumbe wake binafsi. Mchoro wa matumizi humwambia yeyote ni saa ngapi nyumba haina mtu. Mwizi akiupata anajua la kufanya.

Kuwaambia watu wastani peke yake nako kuna madhara yaliyopimwa. Mwaka 2007 Wesley Schultz na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa kaya za San Marcos, California: waliokuwa juu ya wastani walipunguza, lakini waliokuwa chini yake waliongeza matumizi. Hao wa chini walipochorewa uso unaotabasamu kando ya namba yao, ongezeko hilo lilizuiwa. Basi pongezeni wanaotumia kidogo, kwa maandishi, kila mwezi.

Mkirekebisha chochote, andikeni tarehe ndani ya lahajedwali na linganisheni na mwezi uleule wa mwaka uliotangulia, kwa sababu joto na baridi hubadilisha matumizi hata mkikaa kimya. Kila mwezi jumlisheni miezi 12 ya mwisho. Mstari huo ndio wa kuonyesha kwenye mkutano. Na kwa jirani, mwombeni mwenyekiti wao namba mbili tu, eneo la jengo na uniti za miezi 12, kisha mshaurini aite fundi akague CT zake.