Draivu ya mota ya karakana: fungua kwanza kiboksi cha nyaya

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, tukubaliane jina kwanza. Kifaa kinachochukua umeme wa fezi moja, kikatoa fezi tatu na kubadili mwendo wa mota, mimi nakiita draivu. Ukienda Kariakoo ukasema inveta, utaletewa ya sola. Ukisema VFD, kifupi chake cha Kiingereza, mbele ya mwenye duka, atadhani unataka risiti za TRA. Sema draivu ya mota ya fezi tatu, taja kilowati, taja umeme unaoingia. Hapo mtaelewana.

Kazi iliyonifundisha niliifanyia Keko, kwa mzee mmoja seremala anayekereza miguu ya meza na vitanda. Alikuwa na mota ya mtumba ya kilowati 1.5, fezi tatu, na karakana yake ina fezi moja tu. Draivu alikwisha kuinunua mwenyewe: inaingiza volti 220 fezi moja, inatoa volti 220 fezi tatu. Nikaunganisha, nikawasha, mota ikazunguka kimya kama feni mpya. Mzee akafurahi, nikalipwa, nikaondoka.

Kesho yake asubuhi simu: "Fundi, mashine inazunguka lakini haina nguvu. Nikigusa mti kwa patasi tu, inasimama."

Nikarudi na ujuaji wangu. Nikaingia kwenye menyu ya draivu nikaongeza nguvu ya kuanzia, asilimia kidogo, nikaongeza tena. Mota ikaanza kunguruma, ganda likawa halishikiki, na ile harufu ya vanishi inayopikwa ikaanza kutoka. Mwishowe draivu ikajizima na kuandika kwamba mota imezidiwa. Jirani yake, mzee wa kusuka mota, alikuwa ameegemea mlango muda wote huo. Akaniuliza swali moja: "Kiboksi cha nyaya umekifungua?"

Kile kiboksi cha kwenye ganda la mota, sikuwa nimekifungua. Nilikuta nyaya tatu zinaning'inia nje, nikaziunga palepale.

Tulipofungua tukakuta vibati vya shaba vimelala, vimeunganisha vituo vyote vitatu vya safu ya juu. Hiyo ni staa, yaani nyota. Na kibao cha mota, kile cha bati chenye maelezo yake, nilichokipita bila hata kukifuta vumbi, kilisema wazi: 230/400 V, amperi 5.9/3.4. Maana yake mota hiyo ukiifunga nyota inataka volti 400, ukiifunga delta, yaani pembetatu, inataka 230. Mimi niliifunga nyota halafu nikaipa 220. Nguvu ya kuzungusha hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo mota ilibaki na kama theluthi ya nguvu yake. Bila mzigo huwezi kujua, inazunguka vizuri tu. Ndiyo maana siku ya kwanza ilinidanganya.

Tukavigeuza vibati visimame wima, kila kimoja kikiunga kituo cha juu na cha chini yake: W2 na U1, U2 na V1, V2 na W1. Robo saa haikufika. Mzee akaweka mti wa mninga, akausukumia patasi, maranda yakaruka.

Basi hesabu ya kibao ifanye ukiwa bado hujanunua chochote. Draivu ya kawaida ya kuingiza 220 haiwezi kutoa 400, hata uibembeleze vipi. Kibao kikisema 230/400, funga delta. Kikisema 400/690, na mota nyingi za kuanzia kilowati 4 ziko hivyo, hiyo haifai kwa draivu ya 220. Mwambie mteja mapema kabla hela haijatoka. Tena linganisha amperi, usiishie kwenye kilowati. Mota ikiwa delta inakula 5.9, si 3.4, na draivu ya kilowati 1.5 ya fezi moja kwa kawaida huandikwa amperi 7 upande wa kutoa. Inatosha. Mota yenye kapasita, ile ya fezi moja ya pampu au ya grainda ya mezani, usiifunge kwenye draivu ya aina hii kabisa. Mtaulizwa sana hilo.

Kuunga nyaya kwenyewe hakuna mengi. Umeme wa kuingia unakwenda L na N, au R, S, T. Mota inakwenda U, V, W. Ukichanganya, ukapeleka umeme wa ukutani kwenye U, V, W, draivu inakufa sekunde hiyohiyo na hairudi. Eathi ya mota iunge na ya draivu, na ya draivu iende ardhini kweli, si kwenye bomba lililokauka. Mota ikizunguka kinyume, geuza nyaya mbili upande wa mota. Kugeuza upande wa kuingilia hakubadilishi kitu.

Mashine za zamani zina swichi yake ya kuwasha, au ile ya mkono ya mbele-nyuma, kati ya umeme na mota. Iondoe. Mota iende moja kwa moja kwenye draivu. Ukikata waya wa mota kwa swichi huku draivu inafanya kazi, utaipasua siku moja. Na breka ya ukutani si ya kuwashia na kuzimia mashine kila dakika. Draivu ina sehemu yake ya vitufe, itumie hiyo.

Sasa menyu. Namba za mipangilio zinatofautiana kila kampuni, kwa hiyo kijitabu kisitupwe na boksi. Ikiwa draivu ni ya mkono wa pili, irudishe kwanza kama ilivyotoka kiwandani. Kisha ingiza vya kwenye kibao: volti, amperi, herzi 50, mizunguko (ile ya Keko ilikuwa 1,410 kwa dakika). Angalia sana herzi ya msingi, yaani ile ambayo draivu ikiifikia ndipo inatoa volti zake zote. Kuna draivu zinakuja zimepangiwa mashine za kuchonga za herzi 400. Ukiiacha hivyo, ukifika herzi 50 mota inapata volti 27 au 28 tu, inaunguruma papo hapo na wewe unadhani imeungua.

Muda wa kupanda mwendo nauweka sekunde 6 hadi 8. Wa kushuka ndio wenye mtego. Gogo zito likizunguka halafu ukaamuru lisimame kwa sekunde 2, mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye kapasita za draivu. Mle ndani kawaida kuna volti kama 325 za umeme wa DC. Zikipanda mno inajizima na kuandika volti zimezidi. Ongeza muda, 12 au 15, au funga rezista ya breki, inayokula umeme huo unaorudi. Kwa mashine ya kukereza mbao mimi napenda muda mrefu hata kama rezista ipo, kwa sababu ile sahani inayoshika mti hukazwa kwa nyuzi kama nati, na mashine ikisimama ghafla hujifungua yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo nilizuia kabisa kurudi nyuma kwenye mashine ya mzee.

Mwendo wa chini una gharama yake. Feni ya mota imekaa kwenye shafti, kwa hiyo mota ikienda polepole na feni inalegea. Chini ya herzi 25 usifanye kazi nzito kwa muda mrefu. Badilisha puli ikibidi. Juu ya 50 nguvu ya kuzungusha inashuka kwa kuwa volti haziongezeki tena, nami niliweka kikomo 60. Kama ni jiwe la kunolea, soma mizunguko iliyoandikwa kwenye jiwe, usiipite hata kwa utani.

Halafu kuna kukatika kwa umeme. Ukitumia swichi inayobaki imebonyea, baadhi ya draivu huanza zenyewe umeme ukirudi. Fikiria mkono wa kijana uko kwenye mti anaupima. Tumia vitufe viwili vya kubonyeza na kuachia, cha kuwasha na cha kuzima, kisha jaribu: mashine ikiwa inazunguka zima breka, subiri skrini ife, rudisha. Isipokaa kimya, hujamaliza kazi. Na ukifungua kifuniko cha draivu, zima breka na usubiri muda ulioandikwa ubavuni, dakika 5 hadi 10, kapasita zitoe chaji. Ukitaka kupima mota kwa mega, kile kipimo cha insulesheni, chomoa nyaya za draivu kwanza.

Maranda ni adui. Draivu iko kwenye kasha la bati lenye matundu na sponji, na kila Jumamosi kijana wa mzee anaipulizia sponji.

Ndani ya mfuniko wa kiboksi cha mota niliandika kwa kalamu ya wino mzito: DELTA, 220 TU. Miezi baadaye mzee aliiazima mota hiyo kwa gereji yenye fezi tatu za 400. Fundi wao alifungua mfuniko, akasoma, akavilaza vibati nyota kabla ya kuwasha. Ilipokuja kurudi Keko, wa kwanza kuufungua mfuniko alikuwa mzee mwenyewe.