Kwarteti kupigwa na okestra ya nyuzi, inakaa?
Mkuu umeuliza kama kwarteti (muziki wa watu wanne tu: vayolini mbili, viola na selo) ikipangwa upya kwa okestra ya nyuzi inapoteza ladha, mi naona inategemea na wimbo wenyewe. Adagio (kipande cha polepole) ya mtunzi Barber ilitoka kwenye kwarteti yake ya 1936, kondakta Toscanini akaipiga na okestra 1938 na ndo hiyo watu wengi wanaijua, maana zile noti ndefu zinataka upinde mwingi na besi nzito chini ya selo. Hata kwarteti namba 8 ya Shostakovich, kondakta Barshai alivyoipanga kwa okestra ya nyuzi, yale mapigo matatu yanayojirudia yanakutetemesha kabisa. Ila kwarteti ya Beethoven, Opus 131 (yaani kazi yake namba 131), hapana aisee, pale mwanzo vayolini inaanza peke yake kama mtu anasali chumbani, sasa kwenye okestra waanze wapiga vayolini kibao kwa pamoja, ule upweke si unaisha?