Jibu: Gia tatu kwenye Raleigh ya mzee

Habari za leo, ndugu yangu wa Makambako. Umeuliza kama gia tatu za Sturmey-Archer, zinazokaa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu la nyuma), zile ulizokuwa ukizitamani utotoni kwenye matangazo ya majarida ya katuni, zinaweza kufungwa kwenye baiskeli ya Raleigh yenye gia moja uliyoachiwa na mzee. Zinafungika. (Mimi tangazo langu lilikuwa lile la Raleigh, jamaa akimkimbia simba.)

Kabla hujatoa hela, hesabu tundu za spoki kwenye rimu ya nyuma, kwa sababu Raleigh za Uingereza kwa kawaida zilikuwa na tundu 32 mbele na 40 nyuma, na habu ya tundu 36 itakulazimu utafute rimu nyingine. Habu ya aina ya AW, ndiyo hiyo ya gia tatu, imegongwa herufi hizo kwenye bomba lake, mara nyingi pamoja na tarakimu za mwaka wa kutengenezwa. Niliyofunga mimi niliipata kwa fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, ndani ya debe la vyuma chakavu, imeganda grisi nyeusi. Ioshe kwa mafuta ya taa, kisha uipe oili nyepesi kupitia kitundu chake.

Ukilinganisha na gia ya pili, gia ya kwanza hupunguza mwendo wa gurudumu kwa robo na ya tatu huuongeza kwa theluthi, kwa hiyo kwenye miinuko yetu utapumua, ingawa mlima Kitonga bado utasukuma. Ikiteleza ukiwa gia ya pili, kaza au legeza waya wa gia kwanza. Usikimbilie kufungua habu.