Ndege ya modeli kwa mtu asiye na nafasi: maswali na majibu

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: seti imenunuliwa, boksi limefunguliwa, vipande vimetazamwa na kusifiwa, kisha kazi, watoto na foleni vikameza siku zote zilizobaki. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Mlioniuliza bei za seti, ulizeni dukani. Mimi siuzi.

Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Nina Spitfire ya 1/72 tangu mwaka jana na hata rangi sijafika. Nifanyeje? (Mhasibu, Kimara)

Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, kwa skeli hiyo (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, haifiki sentimita 16. Haihitaji likizo. Kinachokukwamisha si muda bali kupanga na kupangua meza. Mtu mwenye nusu saa akitumia dakika kumi kutafuta kibano na kumi nyingine kurudisha vitu kabatini, amebakiwa na nini? Chukua sinia kubwa, lile la kupakulia pilau. Weka humo ubao wa kukatia, kisu, kibano, msasa, gundi, na vipande vya hatua moja tu ya maelekezo. Vingine vyote vibaki kwenye boksi. Ukimaliza, lisukume chini ya kitanda likiwa vilevile lilivyo. Kesho unalivuta, unakaa, unaendelea. Kabla hujalisukuma, andika kwenye kikaratasi kazi inayofuata, maana usiku wa pili utapoteza muda mwingi kukumbuka ulipoishia kuliko kufanya kazi yenyewe.

La pili, gawa kazi kwa kadiri ya uchovu. Zipo kazi za mtu aliyechoka: kukata vipande kutoka kwenye fremu, kusugua makovu yanayobaki, kuosha plastiki kwa sabuni ya vyombo ili mafuta ya kiwandani yasikatae rangi. Na zipo kazi za kichwa kilichotulia: kuunganisha mabawa, kubandika kioo, kupaka mistari. Mabawa ya Spitfire hayalali sambamba na ardhi, yameinuka kidogo kuelekea nchani, na macho ya saa tano usiku hayaoni kwamba la kushoto limeinuka kuliko la kulia. Yaache hadi Jumamosi asubuhi. Yaunganishe, iweke ndege juu ya vitabu viwili vyenye unene sawa, itazame kwa mbele, kisha uondoke.

La tatu ndilo watu wenye shughuli nyingi hawalioni: kukauka ni kazi inayofanyika wewe ukiwa haupo. Gundisha nusu mbili za bodi kabla ya kulala, zifunge kwa tepu ya mafundi rangi, nenda kazini. Rangi za mafuta hutaka siku nzima, wakati mwingine zaidi. Mwenye likizo ndefu anazigusa baada ya saa mbili na kuacha alama ya kidole. Wewe uko ofisini, huwezi kuzigusa. Kwa hili umemzidi.

Gundi ipi ni bora? (Wasomaji wengi, na wengi wao si mara ya kwanza)

Swali hili halijibiki mpaka useme unagundisha nini na nini, na nimelisema kila lilipoulizwa. Plastiki kwa plastiki: gundi ya modeli ile ya majimaji, ambayo haibandiki bali huyeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja. Zishike pamoja kwanza, kisha gusa ufa kwa ncha ya brashi, gundi itakimbia humo yenyewe. Kama sehemu ya kuunganisha ina rangi, ikwangue, maana gundi itayeyusha rangi na kuiacha plastiki. Chuma au resini kwa plastiki: supa gluu. Kioo: gundi nyeupe ya watoto wa shule, basi.

Usikaribishe supa gluu kwenye kioo. Mvuke wake hutua juu ya plastiki angavu na kuacha utando mweupe. Wapo wanaoniletea picha za vioo hivyo wakidhani kiwanda ndicho kilichokosea. Na fungueni madirisha. Mtu anayegundisha na kupuliza rangi katika chumba kimoja analolala mtoto, mlango umefungwa kwa sababu ya mbu, anafanya jambo la hatari, na ningependa aache leo.

Nina seti zaidi ya kumi ambazo sijazifungua, na sasa nimeona F-5 ninayoweza kuipaka rangi za Jeshi la Anga la Kenya. Ninunue? (Nakuru)

Hapana.

Skeli gani inamfaa anayeanza? (Dodoma)

1/72 kwa ndege za kivita, 1/144 kwa ndege za abiria. Boeing 787-8, ambayo Air Tanzania inairusha, kwa 1/144 ina upana wa karibu sentimita 42. Ipigie hesabu kwa 1/72 halafu uniambie utaiweka wapi.

Mimi ni nesi wa zamu, Mombasa. Nilipuliza vanishi ya kopo usiku baada ya kazi, asubuhi ndege yote imekuwa na ukungu mweupe. Nimeiharibu?

Hujaiharibu. Hiyo ni hewa ya pwani. Vanishi ya kopo inapotoka hukauka kwa kasi, hupoza uso wa modeli, na unyevu ulioko hewani hunaswa ndani yake. Usiku wa pwani, na zaidi wakati wa masika, hewa imejaa maji. Subiri siku ya jua isiyo na mvua, saa saba au saa nane mchana, puliza tena vanishi ileile kwa mkono mwepesi kabisa. Mara nyingi ule weupe huyeyuka ukaondoka. Ukigoma, usiongeze tabaka la tatu. Sugua taratibu kwa msasa laini wenye maji, kisha rudia.

Wewe wa zamu una nafasi ambayo wa ofisini hana: siku zako za mapumziko huangukia katikati ya wiki, mchana. Hizo ndizo siku za kupuliza. Usiku ukate na kusugua. Kopo likiwa baridi, liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache lipate nguvu. Nasema uvuguvugu. Kopo la kupuliza halikaribishwi jikoni, wala juani kwenye dashibodi ya gari.

Ni lazima ninunue spreigani ndogo na kompresa? (Arusha)

Si lazima. Brashi nzuri bapa na rangi iliyopunguzwa ukali, tabaka tatu nyembamba badala ya moja nzito, hutoa kazi safi. Aliyeshindwa na brashi kwa sababu ya haraka atashindwa na spreigani kwa sababu hiyohiyo, na itabidi pia aisafishe kila anapotumia. Hesabu dakika hizo za kusafisha kabla hujatoa fedha.

Niongeze vipande vile vya shaba vya chumba cha rubani? (Kampala)

Funga nusu mbili za bodi kwa tepu, weka kioo mahali pake, chungulia. Unachokiona ndicho cha kukipamba. Ndege ya kivita ya 1/48 yenye kioo kilichofunguliwa inastahili mikanda ya kiti na dashibodi yenye saa zake. Ndege ya abiria ya 1/144 haionyeshi kitu. Wako watu wanaotumia miezi mitatu kwenye kiti ambacho hakitaonekana tena milele, halafu wanasema modeli zinakula muda.

Stika zangu za maji zina mng'ao wa fedha pembeni na zinaonekana kama zimebandikwa. (Morogoro, na wengine wengi)

Kwa sababu zimebandikwa juu ya rangi isiyong'aa. Uso huo una vinundu visivyoonekana kwa macho, stika inakalia vilele vyake, hewa inabaki chini, na hewa hiyo ndiyo hiyo fedha unayoiona. Paka vanishi inayong'aa kwanza, iache ikauke kabisa, ndipo uweke stika. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, isubiri iteleze yenyewe juu ya karatasi, usiivute. Telezesha mahali pake, kandamiza kwa pamba yenye unyevu kutoka katikati kwenda nje. Kama huna dawa ya kulainisha stika, siki nyeupe iliyochanganywa na maji husaidia kwa kiasi chake. Jaribu kwanza kwenye stika usiyoihitaji. Zikikauka, paka vanishi isiyong'aa juu ya yote.

Stika za seti ya zamani zilizogeuka njano zitie kwenye mfuko angavu, zibandike dirishani zielekee jua kwa siku kadhaa. Umanjano hupungua sana. Jua tunalo, tulitumie.

Mwanangu wa miaka sita anataka kunisaidia. (Tanga)

Mpe kazi ya kweli: kuosha vipande, kuvipanga kwa namba, kushikilia nusu za bodi unapofunga tepu. Kisu na supa gluu vikae mahali asipofika hata ukiwa umetoka dakika moja kufungua mlango. Wembe uliochakaa usiutupe hivihivi kwenye pipa la taka. Uweke kwenye kopo lenye kifuniko, maana anayeokota taka ana mikono pia.

Najenga Super VC10, ndege ya abiria ya Kiingereza, ya 1/144 iwe ya East African Airways, ambayo marehemu baba yangu aliihudumia uwanjani Embakasi. Inakalia mkia. Na nisaidie jinsi ya kuifanya sahihi. (Nairobi)

Barua hii imenifurahisha kuliko zote. Kwanza mkia. Injini zote nne ziko nyuma, na mkia ni mrefu wenye mabawa madogo juu kabisa, kwa hiyo uzito umeegemea huko. Kabla hujafunga bodi, iunganishe yote kwa tepu, ilaze juu ya penseli pale magurudumu makubwa yanapokaa, kisha ongeza chubwi za wavuvi puani hadi pua ianguke mbele bila kusita. Halafu ongeza kidogo zaidi, kwa ajili ya rangi utakayoipaka huko nyuma. Zishike kwa gundi ya epoksi, usitumie gundi nyeupe: madini ya risasi ya chubwi hizo yakikaa na gundi hiyo miaka huota kutu nyeupe, hutanuka, na imewahi kupasua bodi za modeli. Nawa mikono baada ya kuishika.

Sasa usahihi. Shirika lilikuwa na Super VC10 tano, na kwa kuwa lilikuwa mali ya nchi tatu, zilisajiliwa katika nchi zote tatu: 5H-MMT na 5H-MOG Tanzania, 5Y-ADA Kenya, 5X-UVA na 5X-UVJ Uganda. Chagua moja kabla ya kufungua rangi, na utafute picha za hiyohiyo. 5X-UVA ilipotea Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, na watu 43 walifariki. Ukiichagua, ijenge kwa heshima hiyo. 5H-MOG ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa, ikakabidhiwa mwaka 1970. Zote tano zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo mbele, ubavu wa kushoto. Kama seti yako haina mistari ya mlango huo, ichonge kwa sindano ukifuata ukingo wa tepu ngumu, kabla ya praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi.

Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nne zilizobaki zilirudi Uingereza na baadaye jeshi lao la anga likazigeuza za kujaza mafuta ndege nyingine angani. Kwa hiyo kama seti yako ni ya toleo la jeshi, acha mkonga wa puani na vile vyombo vya mafuta chini ya mabawa. Ziba matundu yake kwa puti. VC10 ya mwisho kabisa kuruka, Septemba 2013, ilikuwa ni 5H-MMT ya zamani ikiwa na namba ya kijeshi. Ndege yenye herufi zetu ndiyo iliyofunga ukurasa wa VC10 zote duniani, na bado rafu za wajenzi wa huku zimejaa ndege za kivita za Mustang na Messerschmitt. Nitaendelea kulisema hili.

Kwa kazi hii usitafute wikiendi nzima. Bodi nyeupe inataka tabaka nyembamba nyingi, na kila tabaka ni robo saa tu ya kazi. Lipake Jumatatu, liache hadi Jumatano. Na mtafute aliyefanya kazi na mzee uwanjani, umuulize habari za ndege hizo wakati bado yupo wa kuulizwa.

Je, seti hiyohiyo naweza kuitumia kwa VC10 ya Sultani wa Oman? (Muscat)

Si bila msumeno. Ile yenye namba A4O-AB si Super, ni VC10 ya kawaida, fupi kwa karibu mita 4. Kwa 1/144 ni karibu sentimita 2.8 za kuondoa, na urefu huo haukatwi mahali pamoja: sehemu huondolewa mbele ya mabawa na sehemu nyuma yake. Mtu mwenye jioni mbili kwa wiki na asiye na uzoefu wa puti anunue seti ya VC10 ya kawaida. Soma boksi vizuri, neno "Super" likiwepo, si yake. Ndege yenyewe ipo kwenye makumbusho ya Brooklands, Weybridge, Uingereza. Ukipata safari ya huko, piga picha chini ya mabawa na kwenye visima vya magurudumu, maana picha nyingi zilizopo zimepigwa kwa ubavuni na hazitakuonyesha rangi ya huko chini.