Jibu: Hema halilaliki kwa joto, Kigoma mwezi wa kumi

Habari mkuu. Kwa hiyo mnarudi kupiga kambi Jakobsen, ule ufukwe wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, na watoto, na mara ya mwisho hema lilikuwa halilaliki kwa joto. Cheki kwanza lile turubai la juu, kama hakuna wingu la mvua livue kabisa mbaki na neti tu, maana ndo linalofungia joto ndani. Afu mchana upepo unatoka ziwani ila usiku unageuka unashuka kutoka milimani, wengi wanafungua upande wa ziwa tu kisa kuona maji wanaishia kutoka jasho, nyie fungueni madirisha pande zote. Mti wa kivuli uwe mashariki mwa hema, la sivyo saa mbili asubuhi hamkai humo. Zipu ya neti ifungwe kabla ya magharibi, mbu wa huku hawana utani.