Barua kwa mwanangu: kaka yako na wenzake

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Unaniuliza kwa nini, baada ya kaka yako kutoka nyumba ya upataji nafuu, tunamwachia kila jioni akakae na watu waliowahi kuwa mateja wa dawa za kulevya, ilhali miaka yote tulikuwa tukimwomba Mungu amtenge nao.

Fikra hiyo nilikuwa nayo mimi pia. Mwaka juzi nilimfungia chumbani, nikidhani arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ikimpita basi maradhi yamekwisha. Usiku wa pili nilimkuta amejikunja juu ya mkeka, jasho linamtiririka na huku anatetemeka kwa baridi, akanishika kanzu akinisihi nisimfungie tena. Baada ya siku nane alionekana mzima, na haikupita wiki akaurudia unga, yaani heroini. Mmoja wa hao wenzake ndiye aliyenieleza baadaye kwamba mtu akiacha kwa siku kadhaa mwili huondokewa na mazoea yake, na akirudia kipimo kile kile cha zamani pumzi zinaweza kukatika. Mimi niliyemfungia mlango sikulijua hilo. Wao walilijua kwa sababu wamekwisha kuzika wenzao.

Vikao vyao hufuata hatua 12, utaratibu ulioanzia Marekani miaka ya 1930 kwa watu wa pombe, na tangu mwaka 1953 ukafuatwa na watu wa dawa za kulevya. Huketi duara, mmoja akasema na wengine wakasikiliza bila kumkatiza. Siku waliyoturuhusu wazazi kuingia, nilimsikia kaka yako akikiri kwamba vipuli vya dhahabu vya marehemu mama yenu aliviuza yeye. Mimi nilimuuliza mara ngapi, naye akaniapia! Pale alisema bila kuulizwa, na mwanamume aliyekaa kando yake, ambaye naye aliwahi kumwibia mamaake, akamwekea mkono begani. Yanayosemwa humo hayatoki nje, kwa hiyo nimemwomba ruhusa kabla ya kukuandikia haya.

Wapo pia wanaokwenda hospitali ya Kidongo Chekundu kunywa methadoni, dawa inayotuliza arosto na hamu ya unga, huduma iliyoanza hapa Unguja mwaka 2015. Tafadhali usiseme kwamba hao hawajaacha. Ile ni tiba, na wengi wamerudi kazini kwayo.

Kinachoniumiza zaidi ni mtaa wetu. Akipita barazani mazungumzo hukatika, na dukani hutazamwa mikono. Fundi seremala wa nyuma ya msikiti peke yake ndiye aliyempokea, na tangu mwezi uliopita humwachia ufunguo wa karakana. Siku ya kwanza kaka yako alinionesha ufunguo ule mara mbili.

Fedha ulizotaka kumtumia, mnunulie randa, kwani anaazima ya fundi wake. Na ukija Idi, usiuhamishe mkoba wako akiingia chumbani. Kikao huanza baada ya Isha; amesema siku ya wazi ikifika angependa uwepo.

Baba yako